Nguo ya Kufikia

Nyumbani, chumba cha cherehani,
mlango wa kijani nyuma ya duka la misumari.
Jumapili, baada ya mvua.

Mpendwa mdogo wangu, Mama Pacha,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko vifungo vya kwenye kopo langu, na kopo hilo unalijua. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Mgongo wake umenyooka, au bado anatembea kama mtu aliyeangusha ufunguo? Na hao pacha, nasikia wamekupita kimo. Usihuzunike, hata mimi nilikupita zamani.

Huku kwetu tu wazima, kiasi cha kumshukuru Mungu. Shemeji yako bado anapaka rangi nyumba za watu, yetu anaiangalia tu. Goti langu la kulia, lile la kazi, hulalamika mvua ikinyesha, lakini macho yangu bado yanatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Mimi si mtu wa kujisifu, unanijua, ila sijamwona mwanamke mwingine wa rika langu anayeweza.

Ningependa salamu ziendelee mpaka mwisho wa karatasi, maana baada yake kuna jambo. Nimekaa na jambo hili tangu Alhamisi. Linamhusu mwanao, yaani mwanangu wa mwisho, Sindano wa baba yake.

Kwanza nikwambie kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Simu yako inashinda mikononi mwa pacha, na pacha hawamfichi Sindano kitu. La pili, usinikasirikie, wewe ukiambiwa jambo huwezi kulala nalo. Kwa hiyo barua ataileta dereva wa lori wa nyumba ya nyuma, yule mwenye kicheko cha kuamsha watoto. Isome umefunga mlango. Ukishaisoma, usimpigie mtoto. Narudia, Mama Pacha, usimpigie.

Unakumbuka alivyoanza habari za kusafiri. Aliacha kaunta ya duka la dawa akasema amejiwekea akiba ndogo, anataka kuizunguka dunia kidogo kwa mabasi, begi mgongoni, analala kwenye nyumba za wageni za bei nafuu, na mwisho wa safari atafikia kwako. Baba yake akaweka brashi chini. "Mtu mwenye kwao anabebaje nyumba mgongoni kama konokono?" Nikamjibu, "Konokono gani amewahi kushonewa na mimi?" Akaokota brashi yake.

Basi nikaingia kazini. Niliishia shule ya msingi, lakini katika nguo za safari sasa niulizwe mimi. Mtu wa begi moja na pesa kidogo hapaswi kubeba nguo nyingi. Abebe nguo zinazosalimiana. Nikachagua bluu ya usiku, kijivu, na drafti inayozipatanisha mbili hizo, ili blauzi yoyote ikae na sketi yoyote, na mtu akimwona leo na kesho adhani ana kabati zima. Sketi nikaishona ya kugeuza, upande huu bluu, upande huu kijivu. Suruali nikaiwekea upindo mrefu ndani, akitaka kuikunja kwa matope aikunje. Koti nikalitia ndani bitana ya kijivu yenye madoadoa, na ndani ya bitana mfuko wa siri wa hati yake ya kusafiria. Mwizi hata akikukumbatia hauoni. Mtandio mwekundu ni mmoja tu, lakini ni shuka kwenye basi, pazia kitandani, taulo mtoni, na urembo shingoni. Viatu ni raba ngumu za mguuni na kandambili za kuogea, basi.

Kitambaa chenyewe alinitafutia jirani yangu muuza mitumba. Alikuwa amefungua robota la mapazia ya hoteli, mepesi, yakifuliwa jioni asubuhi yamekauka. "Hiki hata ng'ombe akikilalia hakijikunji," akasema. Nikamwambia alale yeye kwanza tuone. Kweli hakikujikunja. Nikamfundisha mtoto asikunje nguo bali aviringishe kama mkeka. Na akipanda basi, avae zile nzito mwilini, ili begi lipungue uzito na asionekane kama mhamaji.

Mama Pacha, ungeona picha za wiki za mwanzo! Yuko kwenye daraja, kapendeza. Yuko juu ya jiwe, wenzake wa begi wamechakaa kama magunia ya mkaa, yeye kola imesimama. Kila picha mikanda ya begi iko mabegani, au begi limekaa miguuni pake kama mbwa mtiifu. Niliwaonyesha wateja wote. Mwalimu mkuu mstaafu akaagiza sketi "kama ya Sindano" ilhali yeye haendi popote zaidi ya sokoni. Akaja nesi, akaja mke wa kinyozi. Muuza mitumba akalalamika kwamba nimemmalizia mapazia.

Sasa sikiliza.

Mwezi huu picha zimebadilika. Wengine hawaoni. Wanasema kapendeza vilevile, na baba yake naye akasema hivyohivyo. Lakini mimi sitazami uso wa mtu kwanza, natazama mshono. Picha ya kwanza alikuwa amevaa koti, limefungwa hadi shingoni. Nikasema sawa, anapanda basi, kafuata mafunzo. Picha ya pili, mahali pengine, koti lilelile, hadi shingoni. Nyuma yake watu wamevaa fulana za mikono mifupi na mtoto mmoja analamba aiskrimu. Nani anafunga koti mahali ambapo watu wanalamba aiskrimu?

Nikaikuza picha kwa vidole. Ndani ya kola ya koti, kola ya drafti. Ndani ya kola ya drafti, kola ya bluu. Chini, upindo wa sketi umechungulia, na chini ya sketi, suruali. Kamba ya raba ya kushoto si kamba ya raba. Ni utepe wa kitambaa cha kijivu, una madoadoa. Ni bitana yangu, amechana bitana ya koti akafungia kiatu. Mtandio mwekundu hauonekani. Mabegani hakuna mikanda, na miguuni hakuna begi.

Nikamwita baba yake. "Njoo uone. Mtoto hana begi. Anavaa vyote alivyo navyo."

"Unapiga ramli kwa nguo sasa?" akasema.

"Tazama kola."

"Naona kola."

"Ngapi?"

Akatazama. Akakaa kwenye benchi la wateja, na rangi yake yote mikononi, benchi nimelisugua mpaka leo. Hakusema ramli tena.

Ujumbe wa mtoto lakini, ungedhani ni mtu anayekula asali. "Mama, niko salama. Kuzuri sana." Nikimuuliza begi likoje, ananijibu kuhusu hali ya hewa. Nikimpigia, hapokei, anatuma sauti. Ijumaa alituma sauti nikamsikia kifua kinakwaruza kama msumeno, akasema ni vumbi. Vumbi lenyewe lilikuwa linakohoa katikati ya kila neno.

Sasa hilo la Alhamisi. Nilikuwa natia zipu kwenye sare ya yule nesi, simu ikalia. Picha. Sindano amekaa kwenye ngazi, koti hadi shingoni, anacheka kwa midomo bila macho. Chini ameandika: "Bado niko huku milimani, Mama. Nafikiri kwa mama mdogo nitapitiliza kwanza, nivuke mpaka niende mbele kidogo. Nikirudi ndiyo nitapita kumsalimu."

Mbele ya mpaka, mdogo wangu, ambako hatuna mtu. Huku kwetu chote tulichompa ni jina lako na mlango wako. Baada ya mlango wako, sijui hata nani wa kumwombea kwa jina.

Nikainua macho kutoka kwenye simu nipate kupumua. Juu ya cherehani yangu nimebandika ile picha uliyonitumia mwaka juzi, pacha wako wamekaa kwenye ngazi za maktaba ya mjini kwenu, katikati yao simba wa saruji asiye na sikio moja. Uliniambia sikio lenyewe walilivunja wao kwa mpira, ukalipa faini na kuapa hutawapeleka tena. Nikatazama simba. Nikatazama simu. Nyuma ya bega la mwanangu, nusu ya kichwa, simba yuleyule, sikio moja.

Hayuko milimani. Yuko kwenu. Amekaa kwenye ngazi ambazo ukitembea kwa miguu kutoka kwako chai haijapoa umefika.

Nikamwonyesha baba yake. Kwanza akafurahi, masikini. "Basi si yuko kwa mama yake mdogo? Tatizo liko wapi?"

"Yuko mjini kwake. Hayuko kwake."

"Kwa nini asiingie?"

Nilirudi kwenye zipu ya nesi, nikaitia kichwa chini, nikaifumua. Yeye ndiye aliyelisema mwenyewe. "Hana nguo ya kufikia."

Mama Pacha, wewe huhitaji kuelezwa. Unakumbuka marehemu mama alivyokuwa akitusimamisha nyuma ya ofisi ya mabasi, tukivua za safari, tukinawa miguu kwa maji ya chupa, tukivaa nguo ya kufikia, ndipo tukaelekea kwa babu. Hata tuwe tumechoka vipi, hata tuwe na njaa. Wewe siku moja ulivaa gauni nyuma mbele, babu akauliza, "Huyu mtoto anakuja au anaondoka?" Tulicheka mpaka mama akatufinya. Lakini hatukuwahi kuingia nyumba ya mtu kama watu waliofukuzwa kwao, na mimi wanangu nimewalea hivyo hivyo, na sioni haya kusema walilelewa.

Sindano gauni lake la kufikia nililishona mwenyewe, zambarau iliyoiva, marinda membamba yasiyohitaji pasi. Nikaliviringisha nikaliweka chini kabisa ya begi. Nikamwambia, "Hili hulivai mpaka umebakiza kona moja kufika kwa mama yako mdogo." Akasema, "Mama, na nikifika nimechoka?" Nikamwambia uchovu haumzuii mtu kuvaa. Akacheka, akaahidi. Mtoto huyu akiahidi, ameahidi. Katoka kwangu.

Begi limekwenda wapi, sijui. Ameibiwa, limeshuka kwenye kituo kingine, Mungu ndiye anajua. Ila gauni limekwenda nalo. Hati anayo, kwa sababu mfuko wa siri uko kwenye koti, na koti liko mwilini. Mfuko ule niliusifia kwa kila mteja, na sasa ndio unaoninyima usingizi, maana kwa hati hiyo anaweza kupanda basi lolote na kupitiliza, akaenda kukohoa ugenini kuliko kukugongea mlango amevaa kola tatu na kamba ya bitana.

Ijumaa asubuhi niliweka kando kazi za watu wote. Nikatandika zambarau mezani, vipimo vyake ninavyo kichwani, nikaanza kukata gauni jingine. Nikajiambia dereva analipeleka, mtoto anavaa, anaingia, yamekwisha. Muuza mitumba akachungulia dirishani na kikombe chake.

"Haraka hiyo ya nani?"

"Ya Sindano. Gauni la kufikia. Linakwenda kwa mdogo wangu."

Akanywa chai yake, akafikiri. "Shoga, si ulisema haingii kwa mdogo wako kwa kuwa hana gauni?"

"Ndiyo."

"Na gauni litakuwa wapi?"

"Kwa mdogo wangu."

"Ndani?"

Mkasi ulisimama wenyewe. Nikaona jinsi itakavyokuwa: gauni limetundikwa kwako ukutani, limepigwa pasi, linamsubiri, na mwenyewe yuko nje na simba. Yule mwanamke anauza mapazia ya watu, lakini siku ile alinifumbua macho. Sikumwambia asante, atavimba kichwa.

Kwa hiyo usishangae kifurushi hiki hakina nguo, kina barua tu. Sijafilisika. Kitambaa nimekikunja nikakiweka kwenye sanduku pamoja na mkasi.

Sasa ninachokuomba, mdogo wangu, na sijawahi kukuomba neno kama hili tangu tuzaliwe. Nenda maktaba. Nenda alasiri, picha ilipigwa kivuli cha simba kikiwa kirefu, na pale nadhani ndipo anapopata maji, choo na umeme wa simu yake. Usipomkuta, rudi kesho yake. Usiende na pacha, watampiga picha kabla ya kumsalimu.

Na usivae vizuri. Nakujua, ukisikia unakwenda kumpokea mtoto wa dada yako utatoa lile gauni la harusini na viatu vinavyolia ko ko ko. Usithubutu. Vaa lile la kufulia, lililoungua kwa dawa ya madoa begani, nililokucheka nalo nilipokuja. Vaa kandambili, na kama zipo zisizofanana, vaa hizo. Nywele usizichane. Siku hiyo wewe ndiye uonekane umetoka safarini.

Pitia sokoni kwanza ununue kapu la viazi lizito kuliko uwezo wako. Uje nalo unahema. Ukimwona, usipige kelele, usiseme "Mungu wangu, umekuwaje," usimtazame miguuni. Mwambie tu, "Afadhali nimekuona, mwanangu, njoo unipokee, mkono unakatika." Hataweza kukuacha umebeba. Mkubwa hapiti na mzigo mbele ya mtoto wangu, hilo nalo nililishona mimi na halijafumuka. Atabeba. Mtembee. Mwongeleshe habari za bei ya viazi. Ukifika mlangoni sukuma kwa kiwiko, ingia wewe kwanza, yeye atakufuata mpaka jikoni kwa sababu kapu liko kwake. Mtu aliyebeba viazi vya nyumba haulizwi amevaa nini.

Akishaweka kapu chini, yuko ndani. Mengine utayajua mwenyewe. Mpe kitu cha moto. Kile kifua kionwe na daktari kesho yake, usikubali habari za vumbi. Nguo zake usizinyang'anye kuzifua siku hiyo hiyo, mwache azivue mwenyewe moja moja. Ukipata nafasi shika kiuno cha sketi. Niliacha tundu moja tu la kifungo. Ukiona pini, amekonda, niambie ukweli.

Na nikwambie jambo moja la mwisho kuhusu ile picha. Nimeitazama mpaka betri imekwisha. Kola zake tatu, ya bluu, ya drafti, ya koti, zimekaa moja juu ya nyingine kama ngazi, hakuna iliyojikunja. Mtu amelala sijui wapi, ana homa pengine, hana hata kioo, na kola amezinyoosha kwa mkono. Nililia, nikajivuna, sijui kipi kilitangulia. Mwonyeshe mtu yeyote mjini kwenu mtoto wa namna hiyo.

Nisalimie shemeji, umwambie asibebe kapu, mgongo wake huo. Nisalimie pacha wote wawili, na mama mkwe wako aliyenifundisha kufuma. Shemeji yako anakusalimu. Ameleta brashi leo anasema ataipaka rangi sebule yetu, kwa ajili ya mtoto akirudi, na mimi nimemwachia aseme. Jirani wa mitumba anakusalimu bila kuulizwa.

Mungu akufikishe kwenye zile ngazi kabla ya basi lolote, akulainishie ulimi, na akupe mkono wa kubeba na mkono wa kubebewa.

Wako, niliyekutangulia kuzaliwa na ninayekupenda kuliko wote,

Dada yako.

Nimesahau: akikuuliza kama Mama anajua, usimdanganye. Mwambie Mama anajua, Mama ameona kola zote tatu, na Mama amesema aingie hivyohivyo.